Kilo Mbili Chini

Mimi ni mtu wa maneno mengi na hasira za karibu, nasema mapema ili msije mkashangaa mbele. Kazi yangu ni udobi. Nina chumba cha mbele chenye kaunta na mizani, chumba cha kati chenye mashine mbili za kufulia, na chumba cha nyuma cha kupigia pasi, ambacho dirisha lake halifunguki tangu fundi rangi alipolipaka pamoja na bawaba zake, mjinga yule. Ukikaa humo nusu saa pasi ya mvuke ikiwa inafanya kazi, unatoka umelowa chapachapa. Nguo za wateja nazipima kwa kilo, ndiyo maana mizani ilikuwapo.

Mtoto wa marehemu kaka yangu nimemlea mimi tangu ana miaka tisa. Ni mfupi, mwembamba, mikono mirefu, na tangu utoto alikuwa hawezi kupita karibu na kitu kizito bila kujaribu kukinyanyua. Kule anakofanyia mazoezi ya ngumi wakamwita Sisimizi. Jina likamganda, mpaka na mimi nikaacha kumwita la kwake. Asubuhi bondia, mchana ananikunjia mashuka, jioni bondia tena. Hakuolewa. Aliyetaka kumwoa alimwambia achague kati yake na glavu, na Sisimizi akamjibu, "Glavu hazijawahi kuniuliza swali la kipumbavu kama hilo." Nilicheka siku nzima. Baadaye nilijuta kucheka, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: kwenda kwenye yale mashindano makubwa yanayofanyika kila baada ya miaka minne. Si kushinda, kwenda tu, avae suti ya mazoezi yenye rangi za nchi yake, apite uwanjani na wenzake. Mara ya mwisho alibakiza hatua moja, mashindano ya mchujo. Asubuhi ya kupimwa uzito, mizani yangu ilisoma chini ya kilo hamsini, kikomo cha uzito wake, tukaondoka tunaimba. Kufika kule, mizani yao ikasema amezidi gramu mia mbili. Wakampa saa moja. Akaruka kamba akiwa amevaa koti la plastiki, akatema mate kwenye chupa, akavua kila kitu, hata hereni. Mwishowe walimnyoa nywele palepale koridoni kwa mkasi wa kukatia bandeji. Bado gramu themanini. Wakamwondoa mashindanoni. Hakupanda ulingoni, hakurusha hata ngumi moja. Tulirudi nyumbani, yeye amejifunga kanga yangu kichwani.

Mizani yangu ndiyo iliyomponza. Hakunilaumu hata siku moja. Angenilaumu ningemjibu, tungegombana, yangeisha. Alinyamaza, na mimi nikabaki nalo moyoni miaka minne.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na minane. Sheria yao ni kwamba ukifika arobaini unavua glavu. Piga hesabu mwenyewe: hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho.

Wiki sita kabla ya mchujo, Kocha alikuja kukaa kwenye kaunta yangu na kupanga ratiba. Kocha ni mchomeleaji wa mageti, mtu mzima, vidole vimejaa makovu ya cheche, maneno yake ya kuhesabika. Amemfundisha Sisimizi tangu msichana. Alisema, "Shangazi, safari hii hatufanyi kosa." Nikamwambia, "Kosa atalifanya mtu mwingine, si mimi."

Ratiba ile, jamani, ningemwandalia punda ningeshtakiwa. Saa kumi na moja alfajiri anaamka, anapima uzito kabla hajanywa kitu. Halafu anakimbia kilomita kumi na mbili, mara tatu kwa wiki kwenye kilima cha nyuma ya stendi, kupanda kwa kasi na kushuka kwa kutembea, mara kumi na tano. Anarudi, mayai mawili ya kuchemsha, chai bila sukari, analala saa moja. Saa nne anakunja mashuka yangu. Nilimwambia apumzike akakataa, akasema mikono ikikaa bure inamfanya afikirie chakula. Saa kumi anakwenda kwa Kocha: kamba raundi sita, begi raundi nane, pedi raundi sita, halafu kupigana na wenzake. Na wenzake wote walikuwa wanaume, maana wanawake wa uzito wake hawakuwapo. Anarudi pua imevimba, anakaa kwenye kiti cha wateja, anatia mikono kwenye ndoo ya barafu, na kuniuliza leo umepata kazi nyingi? Kama vile yeye ametoka sokoni.

Siku ile ya kwanza Kocha alisema niipeleke mizani yangu kwake ilinganishwe na yake. Nikaipakia kwenye teksi. Sisimizi akapanda ya Kocha, ikasoma hamsini na nne. Akapanda yangu, ikasoma hamsini na tatu.

"Umeona?" Kocha akaniambia. "Yako imelegea. Ndiyo hiyo iliyotutia aibu."

Akachukua bisibisi, akaikaza skrubu iliyo chini ya uso wa mizani mpaka zikasoma sawa. Akasema kuanzia siku ile Sisimizi asipande mizani nyingine yoyote, apime kwangu tu kila alfajiri, mimi niandike, nimpigie simu. Nilitamani ardhi inimeze. Kilo nzima! Miaka yote ile nilikuwa najipunja mwenyewe kwa wateja wangu, na mtoto wa watu nimemharibia maisha.

Nikafika nyumbani, nikafunga mlango wa mbele. Nikainama na bisibisi yangu. Nikasogeza skrubu mbele kidogo, kilo moja nyingine.

Ndiyo. Nimesema. Nilitaka ikisoma hamsini, ukweli uwe arobaini na tisa. Nilitaka afike kule akiwa na nafasi ya kupumua, hata mizani yao iwe na wazimu wa aina gani, apite. Sikumwambia yeye, kwa sababu mtu akijua ana kilo ya akiba ataila. Sikumwambia Kocha, kwa sababu angeniona nachezea kazi yake tena. Niliona ni jambo dogo, langu na la mizani yangu.

Kesho yake alfajiri Sisimizi alipanda, akainama kutazama mshale.

"Shangazi, jana hamsini na nne. Leo hamsini na tano?"

"Maji uliyokunywa jana," nikamwambia. "Mwili wa mtu mzima unashika maji."

Akatikisa kichwa. "Basi nitapunguza maji."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo wangu huu usio na breki, siku ile ukakosa neno.

Kwa wateja nilikuwa nawapunguzia kilo moja kichwani, sikutaka dhambi. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa akileta mashuka yake manne kila Jumatatu miaka nenda rudi, akaniambia, "Dada, mashuka yangu yamenenepa. Kwa muuza mchele bado yanasoma kilo tatu." Nikamtazama kwenye daftari: kilo tatu siku zote, sasa nne, na hapo nimeshapunguza ile yangu. Nikamjia juu. Nikamwambia mashuka yana unyevu, na kama ana mashaka dobi wako wengi mjini. Maskini akalipa, akaondoka. Ningekuwa mtu wa kusikiliza, mashuka ya mzee yule yangeniambia kila kitu.

Wiki ya tatu akawa hamsini na tatu na nusu. Wiki ya nne, hamsini na mbili na nusu. Kila gramu iligoma. Kocha akakata chumvi, akakata wanga wa jioni. Sisimizi akaanza kuongea na mwili wake kama anavyoongea mtu na mbuzi mkaidi. "Miaka minne iliyopita hukuwa hivi," anauambia, amesimama juu ya mizani na nguo ya ndani, mbavu zinahesabika. "Umenizeekea nini?" Mimi nacheka naye, halafu naingia chumba cha mashine nashika kichwa. Uso wake ulikuwa umebonyea. Nywele zilibaki kwenye kitana. Ila nilijipa moyo: ana kilo yake ya akiba, mimi naijua, hawezi kuwa na hali mbaya kama anavyoonekana.

Kocha naye alipokuja alimtazama sana. Siku moja nilimwona amemshika kifundo cha mkono anamhesabia mapigo, midomo inacheza. Nikamuuliza, "Huoni amekonda kupita kiasi?" Akajibu, "Yuko sawa, Shangazi. Niamini, yuko sawa kuliko unavyodhani." Nikafikiri huyu mzee ana moyo wa chuma cha mageti yake. Sikufikiri kwamba labda naye anajipa moyo kwa kitu anachokijua peke yake.

Siku mbili za mwisho alikatwa maji. Ijumaa, kesho yake ndiyo kupimwa, alfajiri ikasoma hamsini na gramu mia nane. Mchana tukamwingiza chumba cha pasi. Koti la plastiki, sweta juu yake, blanketi mbili, na mimi napiga mashuka pasi ya mvuke pembeni yake, shuka baada ya shuka, mengine nilikuwa nimeshayapiga. Kocha amekaa mlangoni na saa. Mwanzo jasho lilimtiririka. Baada ya muda likakatika. Ngozi ikawa kavu, ya moto, nilipomgusa shavu nikaondoa mkono.

"Shangazi," akasema. Ulimi wake ulikuwa unanata. "Maji. Kifuniko kimoja cha chupa."

Nilipiga hesabu yangu. Mizani inasema amebakiza gramu mia nane. Toa kilo yangu, yupo chini kwa gramu mia mbili. Mia mbili! Namba ileile iliyotuua. Nafasi ya kupumua niliyoitaka ilikuwa imebaki kiasi cha kifuniko cha chupa. Nikamtazama Kocha. Kocha akatikisa kichwa, hapana.

"Bado kidogo tu, mwanangu," nikasema.

Akalia. Mwanamke aliyevunjwa pua mara mbili bila kutoa chozi, akalia kwenye sakafu yangu, na machozi hayakutoka, uso tu ukajikunja. Nikaendelea kupiga pasi. Mungu wangu, niliendelea kupiga pasi.

Jioni ikasoma hamsini kamili. Tukamlaza.

Ukumbi wa kupimia uzito ulikuwa darasa, madawati yamesukumwa ukutani. Mabondia wanapanga foleni wamejifunga taulo, makocha nyuma yao. Sisimizi aliingia nimemshika kiwiko, ingawa alinikatalia. Mizani yao ya umeme, namba nyekundu. Akapanda. Akafumba macho.

"Arobaini na saba, gramu mia tisa," akasoma mpimaji. Akasoma tena. Halafu akacheka, alikuwa mtu mcheshi, hakuwa na ubaya. "Dada, kilo mbili chini! Si ungekunywa chai tu asubuhi?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Sisimizi akafumbua macho, hakuelewa kwanza. Kisha akanirukia shingoni, mwepesi kama kikapu kitupu. "Tumepita, Shangazi! Tumepita!" Aliyemsikia angedhani ameshashinda kombe.

Mimi nilikuwa namtazama Kocha. Kilo moja niliijua. Ya pili ilitoka wapi? Na Kocha alikuwa ananitazama mimi, amekuwa na rangi ya majivu.

Tukamwacha Sisimizi anakunywa maji ya chumvi na sukari. Tukatoka nje, tukakaa kwenye benchi la koridoni.

"Kocha," nikasema. "Ile mizani yako."

Akainamia mikono yake. "Niliiongeza moja. Kabla hamjaja. Nilijua yako ilikuwa sahihi siku tuliyozilinganisha, nilikusingizia ili zisome sawa. Nilitaka awe na akiba. Mwaka ule, Shangazi, mimi ndiye niliyemnyoa." Akainua macho. "Na wewe?"

"Moja."

Miaka ishirini tunamlea mtoto mmoja, na tulishindwa kuambiana neno moja. Jana yake tulikuwa sote wawili na hesabu ileile kichwani, kila mtu anadhani ni ya kwake peke yake. Kumbe alipoomba kifuniko cha maji alikuwa ameshapita kwa zaidi ya kilo nzima. Angeweza kunywa chupa.

"Nakwenda kumwambia," nikasema, nikasimama. "Asipande leo."

Kocha akanishika kanga. "Ukimwambia sasa, anapanda hivyohivyo. Huyo humjui? Tofauti ni kwamba atapanda akiwa na sisi kichwani badala ya mpinzani. Ana saa saba za kula na kunywa. Acha apande na furaha yake. Tukimaliza, nitamwambia mwenyewe."

Nimebishana na watu wakubwa maishani mwangu. Nimefukuza afisa afya dukani kwangu kwa ufagio. Lakini siku ile nilikaa tena kwenye benchi, na hilo ndilo litakalonila mpaka nife, kuliko hata ile skrubu.

Chakula hakikukaa. Alikula, akatapika. Akanywa, akatapika. Akasema ni woga, akacheka. Alipotoka chooni hakuniambia kwamba mkojo ulikuwa mweusi kama kahawa; hilo nilikuja kulisikia hospitali.

Saa kumi jioni alipanda. Mpinzani alikuwa binti wa miaka ishirini na moja, anapiga kwa mkono wa kushoto, ana haraka. Raundi ya kwanza Sisimizi alimfundisha kazi. Nasema kweli, si kwa sababu ni wangu: alimsubiri, akamkwepa, akampa moja ya mbavu na moja ya kidevu, watu wakasimama. Nikaanza kuomba Mungu atusamehe atupitishe, tuondoke na uongo wetu. Raundi ya pili miguu ikaisha. Haikupungua, iliisha, ghafla, kama umeme ukikatika. Alibaki amesimama katikati ya ulingo anazungusha kichwa, na ngumi zinafika. Kila alipopigwa alisogea mbele badala ya nyuma. Raundi ya tatu mwamuzi alimhesabia mara mbili, kisha akasimamisha. Kocha alikuwa ameshika taulo muda wote, hakuirusha. Nilimuuliza baadaye kwa nini. Akasema mkono ulikataa.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alianguka akivua kiatu.

Hospitali walimlaza siku kumi na moja. Figo. Daktari, mama mmoja mkali kunizidi mimi, alinisomea karatasi, akasema zitarudi kiasi, hazitarudi zote, na ngumi asahau. Aliniuliza nani alisimamia upunguzaji uzito. Nikasema sisi. Akasema, "Nyinyi akina nani?"

Kocha hakuja kumwambia. Alikuja siku ya pili, akasimama miguuni pa kitanda, akaweka machungwa, Sisimizi akamwambia, "Nisamehe, Kocha, nimekuangusha," na yule mzee akatoka nje, hakurudi tena. Sikumsema. Siku ya tano, siku ya sita, kila nikiingia ananiomba radhi. Kwamba mwili wake ulimsaliti. Kwamba angestaafu mapema nisingehangaika hivi. Anamwomba radhi nani!

Siku ya saba, mchana, wagonjwa wenzake wamelala, nikavuta kiti.

"Mwili wako haukukusaliti," nikasema. Nikamwambia yote, ya Kocha na yangu, skrubu na bisibisi, gramu kwa gramu. Mambo ya Ijumaa nilitaka kuyaruka, nikajilazimisha. Sikulia, maana nilijua nikilia atanibembeleza.

Alisikiliza akitazama dari. Mpira wa dripu ulikuwa umelala kwenye kiganja chake, ile mikono mirefu imelala tu.

"Kocha alijua moja," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe ulijua moja."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mimi mwenye mwili ndiye nilikuwa sijui hata moja."

Nilitaka kumwambia tulimpenda, ndiyo maana. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na kwa mara ya kwanza maishani niliona aibu ya neno. Akajaribu kuinuka, kiwiko kikateleza. Nikasimama, nikaingiza mkono nyuma ya mgongo wake nimwinue, kama nilivyomwinua tangu ana miaka tisa.

"Acha, Shangazi," akasema taratibu, kwa adabu yake ileile. "Niitie muuguzi."

Nikautoa mkono, nikaenda kumwita muuguzi.